Molekuli huvunjika vipi? Nadharia ya kwanta na ngao ya ozoni

Gesi za klorofluorokaboni, zilizotumika kwa miongo kadhaa katika majokofu na makopo ya kupulizia manukato, hazivunjiki kirahisi karibu na ardhi. Zikifika juu sana angani husambaratika na kuharibu ozoni. Nadharia ya kwanta ndiyo inayoeleza sababu.

Nadharia hiyo iliasisiwa na Max Planck mwaka 1900. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kuwa mwanga huja kwa mafungu madogo ya nishati, ambayo leo huitwa fotoni. Kadiri wimbi la mwanga linavyokuwa fupi, ndivyo fotoni yake inavyobeba nishati kubwa zaidi.

Ndani ya molekuli, elektroni ndizo zinazoziunganisha atomu. Mwaka 1927 Max Born na Robert Oppenheimer walionyesha kuwa elektroni, kwa kuwa ni nyepesi mno kuliko viini vya atomu, zaweza kukokotolewa kana kwamba viini vimetulia. Hesabu hizo hutoa nishati ya molekuli kwa kila umbali baina ya atomu zake.

Kwa kawaida nishati hiyo huwa na umbo la bonde, nazo atomu hutikisika humo bila kutoka. Molekuli ikimeza fotoni yenye nguvu ya kutosha, elektroni huingia katika hali nyingine, ambako bonde hugeuka mteremko. Atomu husukumana na kuachana.

Tukio hilo huweza kumalizika kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Mwanasayansi mzaliwa wa Misri, Ahmed Zewail, alilifuatilia kwa mipigo ya leza, na mwaka 1999 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Kwa klorofluorokaboni, fotoni za mwanga wa kawaida ni dhaifu, hata zikiwa nyingi namna gani. Miale ya urujuanimno yenye mawimbi mafupi ndiyo inayoing'oa atomu ya klorini, na miale hiyo huzuiwa angani na oksijeni na ozoni kabla ya kufika ardhini. Klorini iliyong'olewa huharibu maelfu ya molekuli za ozoni, ngao inayowakinga binadamu dhidi ya saratani ya ngozi na mtoto wa jicho.

Mario Molina na Sherwood Rowland walitoa onyo hilo mwaka 1974. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza waliripoti kupungua sana kwa ozoni juu ya Antaktika, na mwaka 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal, ambao sekretarieti yake iko Nairobi, Kenya. Tathmini ya Umoja wa Mataifa iliyotangazwa Januari 2023 ilikadiria kuwa ozoni ya Antaktika itarejea katika kiwango cha mwaka 1980 ifikapo mwaka 2066 hivi.