Kosoa

Mwanafunzi wa usanifu majengo anapobandika mchoro wake wa kwanza ukutani, neno analoliogopa ni kukosoa. Neno lenyewe halistahili hofu hiyo. Katika vitenzi vingi vya Kiswahili, -o- au -u- karibu na mwisho hutengua tendo: choma, chomoa, tega, tegua, funga, fungua. Kwa mpangilio huohuo kosa hutupatia kosoa, yaani kuondoa kosa. Matumizi ya siku hizi yamelisukuma neno upande wa lawama, na hilo linanisikitisha kweli.

Tuseme mwanafunzi wa Lupepo, wilayani Rungwe, anaanza mradi wa banda la soko la ndizi. Anachora paa bapa, kama aliloliona kwenye picha za miji mikavu. Lakini Tukuyu, katika wilaya hiyohiyo, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Anayemwambia “paa baya” amelaumu tu. Anayemuuliza “Maji ya Aprili yatapita wapi?” ndiye aliyekosoa, kwa sababu swali hilo linamrudisha kijana kwenye mteremko wa paa, upana wa upenu na njia ya maji hadi kwenye tangi.

Swali kama hilo lina thamani kubwa mwanzoni, mistari ikiwa bado ya penseli. Nguzo zikishasimama, kurekebisha ni gharama. Kwa hiyo mwanafunzi asingoje. Awaambie wenzake na mwalimu: “Nikosoeni paa kwanza, rangi tutazungumza baadaye.”