Njia ya Mkato ya Folda

Njia ya mkato, katika programu za kutunza nyaraka mtandaoni kama Google Drive na OneDrive, ni kiungo kinachomfikisha mtumiaji kwenye folda iliyohifadhiwa mahali pengine. Huonekana kama folda yenye alama maalumu, lakini ndani yake hamna waraka wowote. Kilichomo ni utambulisho wa folda halisi tu. Istilahi hii isichanganywe na mikato ya kibodi, yaani vitufe vinavyobonywa pamoja ili kutoa amri.

Faida yake huonekana pale nyaraka zilezile zinapohitajika na idara mbili. Halmashauri iliyo kando ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza, inaweza kupanga kumbukumbu zake kwa ngazi: Uvuvi, Leseni za Vyombo, mwaka, kisha folda ya kila mwalo, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga. Ofisa uvuvi huzipitia ngazi hizo kwa sababu ndiyo kazi yake. Mhasibu anayekagua ada huwekewa njia ya mkato ndani ya folda ya Mapato, akabofya mara moja na kufika. Leseni ya mtumbwi ikisahihishwa, wote wawili huona sahihisho hilo, maana wanasoma waraka mmoja. Nakala haina sifa hiyo: kila upande ukibaki na yake, baada ya muda orodha za mitumbwi hazilingani, na hakuna ajuaye ipi ni sahihi.

Tangu Septemba 2020 Google Drive huipa kila faili makazi mamoja; anayeihitaji kwenye folda nyingine huiwekea njia ya mkato.

Katika Google Drive, folda halisi ikibadilishwa jina au ikihamishwa, njia ya mkato huendelea kufanya kazi, kwa kuwa programu huitambua folda kwa utambulisho wake wa ndani, wala si kwa jina au mahali ilipo. Kufuta njia ya mkato hakuigusi folda. Folda yenyewe ikifutwa, njia ya mkato hubaki lakini haifunguki.

Jambo la mwisho ni ruhusa. Njia ya mkato haimpi mtu haki ya kusoma: mhasibu ambaye hajaruhusiwa kuingia kwenye folda ya leseni atakiona kiungo, lakini akikibofya atazuiwa. Hivyo mwenye folda hutoa ruhusa kwanza, ndipo njia ya mkato iwekwe.