Ndigana Ipi? Majina ya Vimelea vya Damu na Magonjwa Yake

Mfugaji akifika duka la dawa za mifugo na kusema ng'ombe wake ana ndigana, muuzaji makini humuuliza kwanza: ndigana ipi? Wafugaji wa Tanzania wana ndigana kali na ndigana baridi. Anayeyasikia majina haya kwa mara ya kwanza hudhani ni ugonjwa mmoja wenye viwango viwili, kimoja kizito na kingine chepesi. Dhana hiyo inaua ng'ombe. Haya ni magonjwa mawili, visababishi vyake ni tofauti, na dawa ya huu haiutibu ule.

Yote mawili yamo katika kundi la maambukizi ya vimelea vya damu yanayoenezwa na kupe. Kimelea ni kiumbe kinachoishi juu ya kiumbe kingine, au ndani yake, na kupata riziki yake humo. Katika kundi hili, vimelea vinavyosumbua zaidi mifugo yetu ni protozoa, yaani viumbe vya seli moja, wa jenasi mbili: Theileria na Babesia. Anaplasma ni bakteria, lakini huwekwa katika kundi hilo kwa sababu naye hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu.

Kupe naye asichanganywe na papasi. Papasi hujificha katika nyufa za sakafu na kuta, huuma usiku kwa muda mfupi na kurudi mafichoni. Ndiye aletaye homa ya papasi kwa binadamu. Kupe hung'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa, na siku hizo zina maana kubwa. Theileria anayeleta ndigana kali hukomaa ndani ya tezi za mate za kupe baada ya kupe kuanza kunyonya, na huchukua siku chache kabla ya kuwa tayari kuambukiza. Kupe akifa mapema, hajaleta madhara. Hapo ndipo ilipo faida ya kuogesha kwa ratiba: josho linalofuatwa sawasawa humuwahi kupe kabla kimelea hakijakomaa.

Ndigana kali husababishwa na Theileria parva, na anayemleta ni kupe wa kahawia apendaye masikio. Mnyama hupandwa na homa kali. Ukipitisha mkono chini ya sikio lake unagusa tezi iliyovimba, kisha unakuta nyingine mbele ya bega. Baadaye hupumua kwa shida na povu humtoka puani, kwa kuwa mapafu yamejaa maji. Ingawa tunasema vimelea vya damu, kifo hiki hakitokani na upungufu wa damu. Kimelea huingia katika chembe nyeupe na kuzilazimisha zigawanyike bila kikomo, huku chenyewe kikigawanyika pamoja nazo. Mtaalamu hufyonza majimaji ya tezi kwa sindano, huyapaka kwenye kioo, huyatia rangi, na chini ya hadubini huona ndani ya chembe vifungu vya buluu ambavyo vitabu huviita miili ya Koch. Dawa yake ni bupavakwoni, nayo huhitaji kuwahiwa.

Ndigana baridi husababishwa na Anaplasma marginale. Neno baridi lisimdanganye mtu, maana mnyama huyu naye ana homa. Tofauti iko kwingine: ufizi na utando wa macho hupauka, pengine huwa wa manjano, na kinyesi hukauka. Chini ya hadubini huonekana nukta ndogo kwenye ukingo wa chembe nyekundu, na neno hilo la Kilatini, marginale, linataja ukingo huo. Hapa dawa ni oksitetrasaikilini. Ndama huuhimili ugonjwa huu kuliko ng'ombe wakubwa, ilhali ndigana kali ndiyo inayofyeka ndama.

Wa tatu ni mkojo damu, unaoletwa na Babesia. Jina limetokana na kile mfugaji anachokiona, ingawa anachokiona si damu kamili: ni himoglobini iliyomwagika kutoka katika chembe nyekundu zilizopasuliwa na vimelea. Mwaka 1893 Theobald Smith na F. L. Kilborne wa Marekani walithibitisha kwamba Babesia wa ng'ombe huenezwa na kupe. Wakati huo wengi hawakuamini kwamba mdudu anaweza kumletea mnyama maradhi.

Kuyatenganisha magonjwa haya kulimtatiza hata Robert Koch, mwanasayansi Mjerumani ambaye jina lake limo katika miili ya Koch. Alipochunguza damu ya ng'ombe Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890, aliona vimelea vidogo vya ndigana kali akadhani ni hatua mojawapo ya kimelea cha mkojo damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka Afrika Mashariki kupitia Beira waliipeleka ndigana kali Rhodesia, nayo ikaangamiza mifugo ya kusini mwa Afrika. Huko Waingereza wakauita ugonjwa huo Homa ya Pwani ya Mashariki, kwa maana ya pwani yetu. Arnold Theiler, aliyefanya kazi Afrika Kusini, alionyesha kwamba ulikuwa ugonjwa tofauti na mkojo damu, na jenasi ya kimelea hicho hubeba jina lake.

Mwandishi wa Kiswahili anaweza kutohoa majina ya kitaalamu na kuandika babesiosisi au anaplasmosisi. Kwa mfugaji, ndigana kali, ndigana baridi na mkojo damu yanatosha, maana yanatenganisha magonjwa anayoweza kuyatambua kwa kuona na kugusa. Lakini majina haya yana mpaka wake, na mpaka huo unaonekana wazi tunapowafikia wanyamapori.

Nyati wengi wana Theileria parva katika damu yao, na bado hula, huzaa na hukimbia bila dalili yoyote. Kusema nyati ana ndigana kali ni kosa. Ana maambukizi; hana ugonjwa. Kupe anayetoka kwa nyati akimuuma ng'ombe, ng'ombe huugua na mara nyingi hufa haraka. Simba nao huishi na babesia bila kuonyesha dalili, na jina mkojo damu haliwafai. Mwaka 1994 karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa. Virusi vya distempa ya mbwa vililaumiwa, lakini virusi hivyo vilikwisha kupita kwa simba mara nyingine bila vifo vingi. Safari hii ukame wa 1993 ulikuwa umewadhoofisha nyati na kupe wakawajaa, na simba waliowala wakapata babesia kwa wingi usio wa kawaida. Virusi vilipodhoofisha kinga ya simba, babesia wakawazidi nguvu. Hali kama hiyo ilirudi Ngorongoro mwaka 2001.

Kwa hiyo tunahitaji istilahi tatu zisizoingiliana: kimelea, ambacho ni kiumbe, maambukizi, yaani kuwepo kwa kiumbe hicho mwilini, na ugonjwa, yaani madhara yanayoonekana. Tofauti hii inagusa pia chanjo ya ndigana kali iliyobuniwa Muguga, Kenya. Ndama hudungwa vimelea hai pamoja na oksitetrasaikilini inayodumu mwilini, akaugua kidogo au asiugue kabisa, kisha akabaki na kinga. Ndama huyo anaweza kuendelea kubeba maambukizi ingawa haumwi.

Na chanjo hiyo haizuii ndigana baridi, wala mkojo damu. Mfugaji aliyeambiwa tu kwamba ng'ombe wake wamechanjwa ndigana anaweza kuacha kuogesha, akapoteza mnyama ambaye angeweza kuokolewa. Afisa mifugo, mtangazaji wa redio na mwandishi wa kipeperushi wana wajibu mmoja hapa: wasiandike wala kusema ndigana peke yake. Waseme ni kali au ni baridi, wataje dalili ya tezi au ya ufizi, na wataje dawa yake. Maneno hayo machache yanamgharimu msemaji pumzi moja tu, na kwa familia inayotegemea ng'ombe watatu yana thamani ya maziwa ya watoto na ada ya shule.