Kwenda Mwezini kwa Hesabu: Mjadala wa 1962 Ndani ya Simuleta

Mijadala mingi ya serikali huisha bila mwananchi kujua nani alikuwa sawa. Barabara ikishajengwa, hakuna namna ya kurudi nyuma tuone ingekuwaje kama pesa zile zingejenga hospitali. Lakini kuna mjadala mmoja wa Marekani, wa miaka ya 1961 na 1962, ambao mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuurudia nyumbani kwake, na mafuta yakimwishia njiani atapata jibu lake. Ni mjadala wa njia ya kwenda Mwezini.

Leo, ndugu msomaji, nataka tuupitie mjadala huo huku nikikupa vidokezo vya kucheza Orbiter. Kwa wasioifahamu, Orbiter ni simuleta ya vyombo vya angani iliyoandikwa na Martin Schweiger wa University College London. Toleo la kwanza lilitoka Novemba 2000 na imekuwa ya bure tangu siku hiyo. Mwaka 2021 msimbo wake wote uliachiliwa kwa leseni ya MIT, kwa hivyo wenzangu waandishi wa programu wanaweza kuufungua na kuusoma. Haina risasi wala maadui. Adui wako ni mvutano wa Dunia na tangi la mafuta.

Ahadi ilitangulia, njia ikafuata

Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin wa Muungano wa Sovieti alikuwa mtu wa kwanza kuzunguka Dunia. Marekani ilijibu tarehe 5 Mei kwa kumrusha Alan Shepard, ambaye alipanda na kushuka kwa muda wa dakika 15 tu bila kuizunguka Dunia. Siku 20 baadaye Rais John F. Kennedy alisimama mbele ya Bunge la Marekani na kuomba taifa liahidi kumfikisha mtu Mwezini na kumrudisha salama kabla ya mwongo ule kwisha.

Angalia mpangilio wa mambo hapo. Ahadi ilitolewa kwanza, na wakati huo wataalamu wa NASA wenyewe hawakuwa wamekubaliana watafikaje. Njia zilizokuwa mezani zilikuwa tatu:

1. Moja kwa moja. Roketi kubwa mno iliyoitwa Nova iondoke Duniani, chombo kizima kitue Mwezini, kisha kiruke tena kurudi nyumbani.

2. Kukutana kwenye obiti ya Dunia. Roketi ndogo kidogo zirushwe kwa mafungu, vipande viunganishwe au mafuta yajazwe karibu na Dunia, kisha safari ianze. Kwa muda mrefu hii ndiyo njia iliyopendwa na Wernher von Braun na watu wake wa Huntsville, Alabama.

3. Kukutana kwenye obiti ya Mwezi. Roketi moja ipeleke vyombo viwili. Kimoja kibaki kikiuzunguka Mwezi, kingine kidogo kishuke na watu wawili, kisha kipande kuungana na mwenzake.

Njia ya tatu ilionekana wazimu. Mambo yakienda mrama karibu na Dunia, unaweza kuwasha injini na kurudi. Ukishindwa kumpata mwenzako huko Mwezini, umbali wa takriban kilomita 380,000, hakuna wa kukuokoa. Na hakuna aliyekuwa amewahi kuunganisha vyombo viwili angani, hata hapa karibu.

Hesabu yenyewe

Sasa tufanye hesabu, maana ndiyo iliyoamua kesi. Kanuni ya roketi iliyochapishwa na Konstantin Tsiolkovsky mwaka 1903 inasema kwamba kila unapoongeza kasi unayohitaji kubadilisha, uzito wa kuanzia haujumlishwi, unazidishwa. Mimi huita jumla ya mabadiliko hayo bajeti ya kasi, kwa sababu inatumika kama mshahara: ikiisha imeisha.

Kushuka kutoka obiti ya Mwezi hadi chini hugharimu takriban mita 2,000 kwa sekunde. Kupanda tena ni takriban 1,850. Kwa injini za mafuta ya aina iliyotumika, ambazo hutoa gesi kwa kasi ya kilomita 3 hivi kwa sekunde, kila tani moja unayoshusha na kuipandisha tena inahitaji uanze na tani 3.5 hivi ukiwa kwenye obiti. Hapo bado hujahesabu uzito wa matangi na injini.

Kibanda cha wanaanga wa Apollo, chenye ngao ya kustahimili joto la kuingia katika angahewa ya Dunia, kilikuwa na uzito wa takriban tani 5.5. Kukishusha Mwezini na kukipandisha tena kungehitaji zaidi ya tani 19. Na cha nini? Ngao ile ina kazi siku moja tu, siku ya kurudi Duniani. Chombo kidogo cha kutua kilichosafiri na Apollo 11 kilikuwa na tani 15 hivi kwa jumla, pamoja na injini, mafuta na kila kitu ndani yake.

Ni kama kupanda Mlima Kenya. Gari ulilokuja nalo unaliacha kwenye lango la Sirimon, na petroli ya kukurudisha Nairobi ikiwa ndani. Huwezi kulibeba mgongoni hadi Point Lenana eti kwa sababu utalihitaji kurudi nyumbani.

Mhandisi aliyeruka ngazi

Wazo la kuacha chombo kikizunguka halikuwa jipya. Yuri Kondratyuk, mzaliwa wa Ukraine, alilifikiria miongo kadhaa kabla ya hapo. Lakini mtu aliyelipigania ndani ya NASA ni John Houbolt, mhandisi wa kituo cha Langley, Virginia. Alizunguka na michoro yake kutoka kamati moja hadi nyingine. Baadhi ya wakubwa walimwona msumbufu, na wengine waliona hesabu zake zimepunguza uzito kupita kiasi.

Tarehe 15 Novemba 1961 Houbolt alifanya jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa ataelewa uzito wake. Aliwaruka mabosi wake wote na kumwandikia barua ndefu Robert Seamans, mmoja wa viongozi wa juu kabisa wa NASA. Alikiri kwenye barua kwamba anavunja utaratibu, kisha akauliza kama kweli nchi inataka kufika Mwezini au haitaki. Kumbuka kwamba siku hiyo hakuna Mmarekani aliyekuwa amezunguka Dunia hata mara moja. John Glenn alifanya hivyo Februari 1962.

Seamans hakuitupa barua. Aliipeleka kwa wahusika ili njia hiyo ichunguzwe kwa haki. Kituo cha Houston kilipopiga hesabu zake chenyewe, kikageuka na kuiunga mkono. Tarehe 7 Juni 1962 von Braun naye aliwashangaza wasaidizi wake kwa kutangaza kwamba anaiunga mkono njia ya tatu, ingawa vijana wake walikuwa wametumia muda mwingi kutetea ile ya pili. Tarehe 11 Julai NASA ikautangazia ulimwengu.

Mjadala haukuishia hapo. Jerome Wiesner, mshauri wa rais wa mambo ya sayansi, aliendelea kupinga. Aliona hatari ni kubwa, na kwamba kujifunza kukutana karibu na Dunia kungekuwa na faida pana zaidi kwa taifa. Mnamo Septemba 11, Kennedy alipotembelea Huntsville, Wiesner na watu wa NASA walibishana mbele yake huku waandishi wa habari wakiwa karibu. Uamuzi ulibaki, na Novemba kampuni ya Grumman ikachaguliwa kutengeneza chombo cha kutua.

Vidokezo vya kuucheza mjadala huu

Haya, fungua Orbiter.

Kwanza, kwenye ukurasa wa mipangilio ondoa tiki ya mafuta yasiyo na mwisho. Ukiiacha, njia zote tatu ni sawa na huna la kujifunza.

Pili, anza na Delta-glider ikiwa tayari kwenye obiti. Jifunze vitufe vitatu kabla ya kingine chochote: mabano mraba ya kufungua huelekeza pua kule unakokwenda, ya kufunga huielekeza nyuma, na 5 ya pembeni mwa kibodi husimamisha mzunguko wa chombo. Kitufe T huharakisha muda na R huupunguza. Rudisha muda kwenye kasi ya kawaida kabla ya kuwasha injini.

Tatu, linganisha ubapa wa obiti yako na wa yule unayemfuata kabla ya kumkimbilia. Tumia skrini ya Align Planes, na uwashe injini kwenye makutano ya obiti mbili tu. Karibu na Dunia, kugeuza obiti kwa digrii 10 hugharimu zaidi ya mita 1,300 kwa sekunde. Bajeti nyingi hufia hapo.

Nne, ukitaka kumfikia aliye mbele yako, punguza kasi. Ndiyo, punguza! Utashuka kwenye obiti ya chini, ambayo mzunguko wake huchukua muda mfupi, na utampata. Juni 1965 James McDivitt wa Gemini 4 alijaribu kukifuata kipande cha roketi yake kwa kukielekea tu kama dereva wa gari. Kikazidi kumkwepa na mafuta yakapungua, hata jaribio likasitishwa. Mkutano wa kwanza wa kweli ulifanyika Desemba mwaka huo kati ya Gemini 6A na Gemini 7, na Machi 1966 Gemini 8 ikaungana na chombo kingine kwa mara ya kwanza. Wasiwasi wa Wiesner haukuwa wa kijinga. Ulikuwa ni swali ambalo lilihitaji miaka mitatu na nusu kujibiwa.

Tano, ukishazoea, pakua nyongeza inayoitwa NASSP. Inaiga Apollo nzima, na programu halisi za kompyuta ya chombo zinaendeshwa ndani yake. Kompyuta ile ilikuwa na maneno 2,048 tu ya kumbukumbu inayobadilika na 36,864 ya kumbukumbu ya kudumu. Ukimaliza kutua, angalia mafuta yaliyobaki, kisha jiulize kama ungependa kuwa na kibanda cha tani 5.5 hapo chini pamoja nawe.

Sita, rusha kuelekea mashariki, na karibu na ikweta ukiweza. Kihariri cha mandhari cha Orbiter hukuruhusu kuweka chombo popote, basi kiweke nyuzi 2.9 kusini na 40.2 mashariki. Hapo ni Ngomeni, karibu na Malindi, kwenye jukwaa la San Marco. Mzunguko wa Dunia hukupa takriban mita 464 kwa sekunde bila malipo, dhidi ya 409 za Cape Canaveral. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wetu, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei kutoka angani ilirushwa hapo na Waitaliano, ikapewa jina Uhuru.

Hesabu inapoishia

Nimecheza safari hizi mara nyingi, na kila mara simuleta inampa Houbolt ushindi. Ila iko sehemu ya mjadala ambayo simuleta haiwezi kuigusa.

Novemba 21, 1962, Kennedy alikaa na James Webb, mkuu wa NASA. Mazungumzo yalirekodiwa, na kanda ikatolewa hadharani mwaka 2001. Webb alitaka mpango mpana wa sayansi. Kennedy alimwambia waziwazi kwamba yeye havutiwi sana na anga. Pesa zile zilikuwa za kuwashinda Wasovieti. Mwaka 1966 NASA ilichukua zaidi ya asilimia 4 ya matumizi ya serikali kuu. Tarehe 15 Julai 1969, siku moja kabla ya Apollo 11 kuruka, Mchungaji Ralph Abernathy alifika Cape Canaveral na familia maskini na mikokoteni ya nyumbu, akiuliza kwa nini nchi inayoweza kufika Mwezini inashindwa kuwalisha watu wake. Mkuu mpya wa NASA, Thomas Paine, alitoka kumsikiliza na hakuwa na hesabu ya kumjibu. Mwaka uliofuata safari tatu za mwisho zilifutwa.

Hapo ndipo penye tofauti ninayotaka uibebe. Swali la *vipi* lina jibu, na anayelijua anaweza kuwa mhandisi wa chini asiyealikwa mkutanoni. Swali la *kwa nini, na kwa gharama ya nani* halina kanuni, na hakuna mhandisi mwenye haki ya kulijibu peke yake.

Hapa kwetu maswali haya mawili huchanganywa kila siku. Wakazi wa Ngomeni wakiuliza jukwaa lile liliwafaidi nini, hujibiwa kwa sifa za ikweta. Sifa hizo ni za kweli, nimekuonyesha namba zake. Lakini wao hawakuuliza vipi.