Vibandiko vya vioo vya magari: Jinsi vinavyokatwa nyumbani na mipaka ambayo fundi hafai kuivuka

MAGARI mengi ya abiria yanayosafiri katika barabara kuu ya kutoka Isiolo kupitia Modogashe, Wajir, Kutulo na Elwak hadi Mandera hubeba maandishi kwenye vioo vyake. Kuna majina ya kampuni za mabasi, majina ya miji, dua kwa herufi za Kiarabu, salamu kwa Kisomali na hata nembo za timu za soka za Uingereza.

Awali, kazi hiyo ilikuwa ya wachoraji waliotumia brashi na rangi, au ya karakana za Nairobi zenye mitambo mikubwa. Siku hizi mashine ndogo ya kukatia, isiyozidi ukubwa wa printa ya kawaida, humwezesha mtu kutengeneza vibandiko, au stika, akiwa nyumbani. Hilo linawezekana hata katika mji mdogo kama Kutulo, ulio kwenye eneo la mpaka wa kaunti za Wajir na Mandera.

Hata hivyo, kioo cha gari katika ukanda huu si mahali pa mapambo pekee. Askari aliye kwenye kizuizi hukitazama ili ajue gari ni la nani na ndani mna nani. Msafiri naye husoma jina lililoandikwa kabla ya kukabidhi nauli na maisha yake kwa dereva asiyemfahamu.

Uzito wa jambo hilo ulidhihirika Desemba 6, 2019, basi la abiria liliposhambuliwa na watu wenye silaha kati ya Kutulo na Wargadud na abiria kadhaa kuuawa, wakiwemo maafisa wa polisi. Kwa hivyo anayeingia katika kazi hii anapaswa kujua mambo mawili: namna ya kukata kibandiko kitakachodumu, na kibandiko ambacho hafai kukikata kamwe.

ASILI YA MASHINE

Mashine za kukata herufi za vinili kwa kuongozwa na tarakilishi zilianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliyechangia sana ni Joseph Gerber, mhandisi mzaliwa wa Vienna, Austria, aliyehamia Marekani na ambaye kampuni yake ilibadilisha kabisa kazi ya kutengeneza mabango.

Mashine za nyumbani zilifuata katika miaka ya 2000. Miongoni mwa zinazojulikana zaidi ni Cricut na Silhouette za Marekani, pamoja na ScanNCut ya kampuni ya Brother ya Japani. Nyingi hukata upana wa takriban sentimita 30. Anayetaka kukata jina refu la basi huligawa vipande, au hununua mashine pana zaidi, ya sentimita 60 au 70, inayovuta vinili moja kwa moja kutoka kwenye bunda.

Mashine hizi hazipigi chapa wala hazitumii wino. Ndani yake mna kisu kidogo chenye ncha kali kinachofuata mistari ya mchoro uliotumwa na tarakilishi. Kila rangi ya kibandiko hutokana na vinili ya rangi hiyo, hivyo nembo ya rangi tatu hukatwa mara tatu na kupangwa kwa mkono.

Mashine ndogo ya aina hii haihitaji umeme mwingi. Kwa kawaida hutumia chini ya wati 100. Kwa sababu hiyo paneli ya sola, betri na inveta ndogo vinatosha kuiendesha pamoja na tarakilishi ya mapajani. Muhimu ni umeme usikatike katikati ya kazi, kwani mashine ikizimika huenda isikumbuke ilipofika, na vinili yote ikaharibika.

KUCHAGUA VINILI

Vinili ni utando mwembamba wa plastiki aina ya PVC wenye gundi upande mmoja, uliobandikwa juu ya karatasi laini isiyoshika gundi. Ziko aina mbili kuu.

Aina ya kwanza hutengenezwa kwa kuisukuma plastiki kati ya mitambo ya duara mpaka iwe nyembamba. Bei yake ni nafuu, lakini kwa kuwa ilinyooshwa kwa nguvu, hutaka kurejea katika hali yake ya awali inapopata joto. Baada ya muda pembe hujikunja na mstari wa gundi huonekana ukizunguka herufi.

Aina ya pili hutengenezwa kwa kumimina plastiki ya majimaji na kuiacha ikauke. Ni nyembamba zaidi, haijikunji kwa urahisi na huvumilia jua kwa miaka mingi, ingawa bei yake iko juu. Katika eneo ambalo joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 30, na kioo cha gari lililoegeshwa juani huwa moto kuliko hewa, tofauti hiyo hujitokeza mapema.

Aidha, kuna vinili yenye gundi ya kudumu na yenye gundi ya kubanduka. Ya pili inafaa kuta za ndani ya nyumba. Kwenye gari huanza kuachia baada ya kuoshwa mara chache, hivyo mnunuzi aulize kabla ya kulipa.

Bunda la vinili linalosafirishwa kutoka Nairobi lisiwekwe juu ya paa la basi, kwani joto hulainisha gundi na uzito wa mizigo huacha mikunjo. Lisafirishwe ndani, na nyumbani lisimamishwe wima mahali penye kivuli na pasipo vumbi.

Tahadhari nyingine ni kutokata vinili ya PVC kwa mashine ya miale ya leza. Plastiki hiyo ikiungua hutoa gesi yenye asidi inayodhuru mapafu na kula vyuma vya mashine yenyewe. Kazi hii ni ya kisu tu.

KUCHORA MANENO

Mchoro wa kukatwa huandaliwa kwa programu inayohifadhi mistari badala ya vidoa vya rangi. Inkscape, iliyoanza kutolewa mwaka 2003, hupatikana bila malipo na hufanya kazi bila intaneti ikishawekwa kwenye tarakilishi.

Herufi za Kiarabu zinahitaji uangalifu wa pekee. Kwa kuwa huungana, programu huweza kuichukulia kila herufi kama umbo linalojitegemea, na kisu kikakata pale zinapopishana. Neno hutoka limekatikakatika. Dawa yake ni kuyaunganisha maumbo yote yawe moja kabla ya kuyatuma kwenye mashine, kisha kuangalia kama mpangilio wa kulia kwenda kushoto umebaki sawa.

Nukta nazo ni tatizo. Nukta ndogo hung'oka pamoja na mabaki, na herufi ikikosa nukta huwa herufi nyingine. Ni heri kuzikuza kidogo, zisipungue milimita nne hivi.

Kisomali kimeandikwa kwa herufi za Kilatini tangu mwaka 1972, na vokali ndefu huandikwa kwa herufi mbili. Salamu ya "Safar wanaagsan", yaani safari njema, ikipoteza "a" moja itamwaibisha mwenye gari mbele ya kila msomaji. Mteja asomewe maandishi, kisha aonyeshwe mchoro kabla kisu hakijashuka.

Kibandiko kitakachowekwa ndani ya kioo na kusomwa kutoka nje lazima kikatwe kinyume, kama kinavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia. Wengi wanaoanza kazi hii husahau hatua hiyo.

Kuhusu ukubwa, mafundi wa mabango hufuata kanuni rahisi: kila sentimita 2.5 za urefu wa herufi hutosha kusomeka vizuri kutoka umbali wa mita 3. Jina la basi linalotakiwa kusomwa kutoka mita 30 linahitaji herufi za sentimita 25.

KUKATA NA KUBANDIKA

Kabla ya kazi yenyewe, fundi hukata umbo dogo la majaribio pembeni mwa vinili. Kisu kinapaswa kupasua utando na kuiacha karatasi ya chini ikiwa nzima. Kikizama mno, karatasi huchanika. Kisipozama vya kutosha, herufi hazitoki. Kisu cha pembe ya nyuzi 45 hufaa vinili ya kawaida, nacho cha nyuzi 60 hufaa vinili nene kama ile inayorudisha mwanga.

Baada ya kukata, mabaki yasiyotakiwa hung'olewa polepole kwa koleo jembamba, kuanzia pembeni. Kisha utepe mpana wa kuhamishia hubandikwa juu ya herufi na kusuguliwa kwa kadi ngumu ya plastiki. Karatasi ya chini ikiondolewa, herufi zote hubaki kwenye utepe zikiwa zimepangika kama zilivyochorwa.

Kioo huoshwa kwa maji na sabuni, hukaushwa, kisha hupanguswa kwa spiriti. Petroli haifai kwa sababu huacha mafuta. Punje moja ya mchanga ikibaki chini ya vinili huunda kivimbe, na hapo ndipo kibandiko huanza kubanduka.

Saa bora ni asubuhi mapema au gari likiwa kivulini. Kioo kikiwa moto, gundi hushika papo hapo na haimpi fundi nafasi ya kurekebisha. Kwa kibandiko kikubwa, kioo hupuliziwa maji yenye matone machache ya sabuni ili herufi ziweze kusogezwa, kisha maji husukumwa nje kwa kadi kutoka katikati kwenda pembeni. Chupa moja ndogo ya kupulizia inatosha, jambo lenye manufaa mahali ambapo maji ni haba.

Gari lisioshwe kwa angalau saa 24. Wakati wa kukiondoa kibandiko cha zamani, kipashwe joto kidogo na kuvutwa taratibu. Wembe usitumike kwenye kioo cha nyuma chenye nyaya za kuondoa ukungu, kwani utazikata.

MIPAKA YA SHERIA

Serikali ya Kenya imewahi kudhibiti vikali mwonekano wa magari ya abiria. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, na kuanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha matatu kuwa na mstari wa manjano, mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo. Michoro iliyokuwa imejaa kwenye matatu ilififia, kabla ya msimamo huo kulegezwa wakati wa utawala wa Rais Uhuru Kenyatta.

Kulegezwa huko hakukuhusu vioo vya giza. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 ziliorodhesha kuendesha gari la abiria lenye vioo vya giza kuwa kosa. Kwa hivyo vinili pana inayofunika dirisha zima, au ile yenye vitundu inayomwezesha aliye ndani kuona nje huku aliye nje haoni ndani, humtia mwenye basi matatani kizuizini. Kioo cha mbele nacho kiachwe wazi. Neno lililo mbele ya macho ya dereva linaweza kumficha ngamia au mtoto anayevuka barabara.

Zipo pia alama ambazo si mali ya kila mtu. Msalaba mwekundu na hilali nyekundu zinalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo Kenya ilijiunga nayo mwaka 1966. Kifungu cha 53 cha mkataba wa kwanza kinakataza watu binafsi na kampuni kutumia msalaba huo wakati wowote, iwe vita au amani.

Katika maeneo ambako magari ya misaada hubandikwa alama ya bunduki iliyokatwa kwa mstari, kuonyesha kwamba hayana silaha, sababu ya katazo hilo haihitaji maelezo marefu. Gari moja la ulaghai lenye alama hizo likinaswa likiwa na silaha au bidhaa za magendo, kila ambulensi inayofuata hushukiwa, na mgonjwa aliyemo hucheleweshwa.

Nembo ya taifa haitumiwi kibiashara bila idhini, kwa mujibu wa sheria ya bendera, nembo na majina ya taifa. Nembo za klabu za soka na za kampuni za magari kwa kawaida ni alama za biashara zilizosajiliwa, na kuziuza bila ruhusa ya wenyewe ni kuvunja haki yao.

Isitoshe, maneno matakatifu yana adabu zake. Aya au jina la Mwenyezi Mungu hubandikwa sehemu ya juu ya kioo, mbali na matope ya magurudumu, na vipande vinavyosalia havitupwi jaani.

KUMBUKUMBU ZA KAZI

Fundi anayefanyia kazi nyumbani hana bango wala leseni ukutani inayoonyesha anashughulika na nani. Kinga yake ni daftari: tarehe, namba ya gari, maneno yaliyokatwa na aliyeyaagiza.

Anayeomba jina la kampuni ya basi, shirika la misaada, hospitali au idara ya serikali atakiwe kuleta barua yenye muhuri kutoka kwa mwenye jina, na fundi apige simu kuithibitisha. Asiye na barua akataliwe, hata akiongeza malipo. Herufi zenyewe hukatwa kwa dakika chache tu, lakini zikishabandikwa kwenye kioo, abiria wa kituo kinachofuata hana njia nyingine ya kujua kama jina analolisoma ni la kweli.