Baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: kwa nini mgonjwa anakunywa vijiko viwili tu

Dada mmoja anayetusikiliza kutoka kijijini ametutumia ujumbe wa sauti. Mama yake alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito Dar es Salaam, akalazwa siku tatu, kisha akarudi nyumbani kwa basi na karatasi inayosema kwamba kwa wiki mbili asiguse chochote cha kutafuna. Siku ya tisa bibi akaona yamezidi. Akasonga ugali laini, akaulowanisha kwa mchuzi, akauliza kwa nini binti yake ananyimwa chakula kama mfungwa. Dada anatuuliza: tumsikilize bibi au tufuate karatasi?

Fuateni karatasi. Lakini bibi naye hajakosea kila kitu. Anachokiogopa, kwamba mgonjwa atadhoofika, kinaweza kutokea kweli, na hutokea zaidi pale ambapo watu wanahesabu kila kinywaji kuwa sawa na kingine. Ndiyo maana tumeona swali hili tulijibu kwa urefu, maana hewani tulipata dakika sita tu.

Kilichofanyika ndani

Upasuaji huu uko wa aina kadhaa, lakini miwili ndiyo inayofanywa zaidi. Katika ule wa kwanza, daktari anakata na kutoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, karibu asilimia 75 hadi 80. Kinachobaki ni kama bomba jembamba lenye umbo la ndizi, na ukingo wake wote unafungwa kwa pini ndogo sana za chuma. Katika ule wa pili, daktari anatenga kifuko kidogo kama yai sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, kisha anakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba.

Kwa nje huoni la kuogopesha. Mara nyingi ni vidonda vidogo vinne au vitano tumboni, na ndani ya siku chache vinakauka. Hapo ndipo familia inaposema amepona. Ndani, mshono bado ni mbichi na umevimba. Tonge la ugali, kipande cha nyama au chapati kikifika pale kinaweza kukwama, mgonjwa akatapika kwa nguvu, na mshono ambao haujashika ukavutwa. Mshono ukiachia, chakula na tindikali ya tumbo vinamwagikia ndani ya tumbo. Hiyo ni dharura inayoweza kuua.

Wapo wanaotuuliza kuhusu puto, huduma iliyozungumzwa sana tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila ianze kuitoa. Puto si upasuaji. Linaingizwa kwa kupitia mdomoni, linajazwa likiwa tumboni, na baada ya miezi linatolewa. Mwenye puto naye huanza kwa vinywaji siku za mwanzo, na kichefuchefu humsumbua sana, lakini hana mshono. Ratiba yake ni nyingine, asiazime ya jirani aliyepasuliwa.

Maji kwanza

Siku moja au mbili za mwanzo, kwa kawaida akiwa bado hospitali, mgonjwa anakunywa vinywaji vyepesi vinavyopitisha mwanga: maji, supu iliyochujwa na kuondolewa mafuta, chai nyepesi ya mchaichai isiyo na sukari. Baada ya hapo, hadi wiki ya pili hivi, anaruhusiwa vinywaji vizito kidogo kama maziwa, mtindi na uji mwembamba uliochujwa. Wiki ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyopondwa. Hospitali zinatofautiana kwa siku, kwa hiyo ikiwa karatasi yako inasema tofauti na sisi, fuata karatasi.

Kinachowashinda wengi ni kipimo. Mtu aliyezoea kumaliza kikombe kwa mkupuo mmoja sasa anatakiwa anywe kama vijiko viwili vikubwa, yaani mililita 30, kila baada ya robo saa. Inaonekana ni kidogo mno, lakini tupige hesabu. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku ni saa 14. Kila saa ina robo nne, kwa hiyo ni mara 56. Zidisha kwa mililita 30, unapata mililita 1,680, zaidi ya lita moja na nusu. Hicho ndicho kiasi ambacho madaktari wengi wanakitaka kwa siku, kati ya lita moja na nusu na mbili.

Ukiruka saa tatu kwa sababu umelala au umekwenda kisimani, huwezi kulipa deni hilo jioni kwa glasi moja kubwa. Anayekunywa kwa pupa hujua kosa lake papo hapo: kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni, kisha anatapika povu. Tumia kikombe kidogo cha kahawa, weka simu ilie kila robo saa, na chupa ya maji isikae mbali na mkono. Mrija usitumie, kwa kuwa unaingiza hewa tumboni.

Utajuaje kwamba maji hayatoshi? Angalia mkojo. Ukiwa wa rangi ya chai, au ukitoka mara moja tu tangu asubuhi, mgonjwa amepungukiwa maji. Kizunguzungu anaposimama ni dalili nyingine. Upungufu wa maji ni moja ya sababu za kawaida za kurudishwa hospitali baada ya upasuaji huu, na kwenye joto la kwetu haukawii.

Supu inashibisha macho

Hapa ndipo bibi ana hoja. Tulipompigia dada yule na kumuuliza mama anakunywa nini, alisema supu ya mifupa asubuhi na jioni, uji wa sembe mchana. Vyote ni vya majimaji, na karatasi haijavunjwa. Lakini kidonda kinahitaji protini, na wataalamu wa lishe huwa wanalenga angalau gramu 60 kwa siku. Kikombe cha uji mwembamba wa sembe hakifikishi gramu mbili. Supu ya mifupa iliyochujwa ina ladha na chumvi, protini yake ni kidogo. Mgonjwa anaweza kunywa siku nzima na mwili ukaanza kula misuli yake wenyewe.

Msaada wa karibu zaidi kijijini ni maziwa. Robo lita ya maziwa ya ng'ombe ina gramu 8 hivi za protini, kwa hiyo lita moja inatoa zaidi ya gramu 30. Yachemshe vizuri, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe na kifua kikuu, kisha yaache yapoe na utoe utando wa mafuta unaoganda juu. Ukipata maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, koroga vijiko vichache ndani ya maziwa hayo hayo. Kila kijiko kikubwa kinaongeza kama gramu 3 bila kuongeza ujazo. Soma kopo kwanza, maana mengi ya madukani ni ya mafuta kamili. Anayeharisha au kujaa gesi kwa maziwa ajaribu mtindi usio na sukari, kwa wengi unakaa vizuri zaidi. Zipo pia protini za unga za famasi. Zinafaa, ila bei yake si ya kila mtu, na hatutaki mtu auze mbuzi kwa ajili yake wakati ng'ombe yuko zizini.

Maharage na dengu vinaweza kupikwa hadi vilainike kabisa, vikapondwa kwenye kinu na kuchujwa kwa chujio la chai mara mbili, mradi hatua ya karatasi inaruhusu. Blenda si lazima. Kinacholazimu ni kwamba kisibaki ganda wala kipande.

Siku za mwanzo mgonjwa anaweza asifike gramu 60, na hilo lisiwatie hofu. Maji yatangulie, protini ipande siku hadi siku.

Sukari, soda na duka la dawa

Soda na bia zina gesi, na gesi kwenye kifuko kile ni maumivu. Pombe iachwe kabisa. Juisi ya miwa, chai yenye sukari ya kujaza kijiko na uji uliotiwa asali vinaweza kuingia utumbo kwa kasi, hasa kwa aliyeunganishwa utumbo: moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka, anaharisha na kuishiwa nguvu. Watu wakiona hivyo husema karogwa. Ni sukari.

Kuna hali moja ambapo sukari ni dawa. Mgonjwa wa kisukari anayeendelea na insulini au vidonge kwa kipimo cha zamani, huku hali tena kama zamani, anaweza kushukiwa na sukari ghafla. Akitetemeka, akitokwa jasho la baridi na kuanza kuongea ovyo, mpe maji ya sukari kidogo kidogo kama anaweza kumeza, kisha mpeleke kituo cha afya. Dozi za kisukari na za shinikizo la damu zinapaswa kupangwa upya na daktari kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Kama hakuna aliyewaambia neno kuhusu dozi, pigeni simu hospitali leo.

Jingine ni maumivu. Kijijini mtu akiumwa mgongo anakimbilia diklofenaki au ibuprofeni. Kwa aliyefanyiwa upasuaji huu dawa za kundi hilo zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kutoboa mshono. Mwambie muuza dawa wazi kwamba tumbo limepasuliwa, na tumia zile tu alizoandika daktari. Vidonge vikubwa visimezwe vizima, lakini pia usivisage vyote kwa kinu, kwa kuwa baadhi vimetengenezwa viyeyuke polepole. Uliza kila kimoja. Vitamini alizopewa si za hiari, na nyingine atazitumia maisha yake yote.

Lini usisubiri asubuhi

Homa. Mapigo ya moyo yanayokwenda mbio hata akiwa amelala, hasa yakipita 120 kwa dakika. Maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, au maumivu yanayopanda hadi bega la kushoto. Kushindwa kupumua. Hizi zinaweza kuwa dalili za mshono kuachia, na wakati mwingine mapigo ya moyo ndiyo dalili pekee kwa saa kadhaa. Usimpe dawa ya homa na kumfunika shuka. Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami nako ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, huenda damu imeganda kwenye mshipa, na kipande kikisafiri hadi kwenye mapafu mtu anaweza kufa ghafla. Ndiyo maana mgonjwa anaambiwa atembee, hata kama ni kuzunguka nyumba. Safari ndefu ya basi iulizwe kwa daktari kabla, na kila kituo ashuke anyooshe miguu.

Kutapika kila siku si jambo la kuzoea. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki chache tu, na mtu anayetapika mfululizo huimaliza: anayumba akitembea, anaona vitu viwili viwili, anachanganyikiwa. Mkifika zahanati, semeni mapema kwamba amefanyiwa upasuaji wa tumbo na amekuwa akitapika, ili mhudumu afikirie vitamini B1 kabla ya kutundika dripu ya glukosi. Mhudumu wa zahanati huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa namna hii. Karatasi ya hospitali na namba ya simu ya wodi ziende naye kila mahali.

Nyumba yenye harufu ya vitunguu

Njaa yenyewe, wengi wanasema, siku hizi haiwi kali. Kwa upasuaji wa kwanza tuliouelezea kuna sababu: sehemu iliyotolewa ndiyo iliyokuwa ikitengeneza kwa wingi homoni ya njaa. Kinachouma ni hamu. Vitunguu vinakaangwa, watoto wanakula kwa sauti, na yeye ana kikombe cha kahawa chenye maziwa. Wapo wanaolia, na wapo wanaojuta waziwazi kwa nini walikwenda. Majuto ya siku ya tano au ya tisa ni ya kawaida na mara nyingi hupungua chakula kinapoanza kurudi. Yakigeuka kuwa kukataa hata maji, mwambieni daktari.

Wageni ni mtihani mkubwa zaidi. Mtu ametembea kilomita nne na hotipoti ya pilau, kukataa ni kumvunjia heshima. Tunashauri mtu mmoja wa nyumbani, si mgonjwa, ndiye apokee chakula, ashukuru, na aseme daktari amezuia mpaka tarehe fulani. Kutaja tarehe kunasaidia kuliko kusema hawezi kula. Na kama mwezi wa kufunga umeingia, mgonjwa wa hatua hii hawezi kukaa mchana kutwa bila maji. Azungumze na daktari na kiongozi wake wa dini kuhusu siku za kulipa.

Dada, tumeambiwa mama sasa anakunywa maziwa na mtindi, na bibi ndiye anayeshika saa. Ugali usubiri, hata karatasi ikiingia kwenye vyakula vilivyopondwa, kwa sababu unanata na kukwama kuliko vitu vingi. Wiki ya tatu ikifika salama, bibi aanze na yai lililochemshwa likapondwa na mtindi, kijiko kimoja, kisha angoje aone linavyokaa.