Kitabu Ambacho Bibi Hawezi Kukisoma

Kwetu ni Ngaramtoni, lakini bibi yangu mzaa baba aliolewa tu huku. Yeye ni Mmeru wa Engare Nanyuki, ng'ambo ya mlima. Mwaka 1951 alikuwa na miaka minane.

Mwaka huo serikali ya Waingereza ilitaka ardhi ya Engare Nanyuki wapewe walowezi wachache wafugie ng'ombe. Kuanzia tarehe 17 Novemba askari waliwatoa watu wapatao 3,000 na kuchoma nyumba zao. Wakaambiwa wahamie King'ori, kwenye joto na maji ya shida. Wengi walikataa.

Wameru hawakupigana. Walichangishana hela, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet akalalamike Umoja wa Mataifa kule New York, pamoja na wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kwenda hukohuko. Kamati iliwaunga mkono, ila kwenye Baraza Kuu kura hazikufika theluthi mbili. Hawakurudishiwa ardhi wakati ule. Lakini Tanganyika nzima ilisikia kwamba kumbe mkoloni naye anashtakika.

Hayo ndiyo ninayoyaandikia udaktari wa historia, tena Uingereza. Mnacheka? Hata mimi nilicheka. Ili nisome habari za bibi yangu ilinibidi nipande ndege, nifike Kew, London, nionyeshe pasipoti nipewe kadi ya kusomea. Kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Nje baridi inakata masikio. Mafaili yakaletwa: barua za maofisa, ramani, hesabu za ardhi. Siku tatu nilisoma. Katika yale niliyofungua sikukuta jina la mwanamke hata mmoja.

Jioni nikapiga simu nyumbani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

"Nimekula. Bibi, nimeyaona makaratasi ya Engare Nanyuki."

Akanyamaza kidogo. "Wameandika kuhusu mbuzi wetu?"

Mbuzi huyo tumemsikia tangu utotoni. Alikuwa amezaa usiku ule, akafungiwa ndani na mwanawe asipigwe na baridi. Asubuhi nyumba ikawashwa moto. Mama yake bibi alitaka kurudi, akashikwa mkono.

"Hawakuandika, bibi."

"Basi andika wewe. Ukimaliza uniletee nisome."

Hapo ndipo niliposhindwa kujibu. Bibi anasoma vizuri sana. Alijifunza kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, na Biblia yake imechakaa kwa kusomwa. Ila anasoma Kiswahili, na mimi naandika Kiingereza. Hata kitabu cha Kirilo na Seaton juu ya kesi hiyo, cha mwaka 1967, kilitoka kwa Kiingereza. Wenye kesi wanasomewa na wengine!

Nimenunua daftari. Kila usiku, nikishamaliza kurasa za chuo, naandika za bibi kwa Kiswahili, nikianzia na mbuzi. Chuo hakitanipa maksi kwa daftari hilo, sawa tu. Bibi ana miaka zaidi ya themanini na macho yameanza kufifia, kwa hiyo naandika kwa herufi kubwa.

Nanyi mnaotaka kuandika, je, wazee wenu bado wapo? Nunueni daftari leo.